Supape za Gari la Abedi

Kila asubuhi gari la Abedi lilikuwa linagonga. Ukiliwasha tu, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayepiga sufuria tupu kwa kijiko, halafu kabla hujamaliza kumsalimia jirani limenyamaza, linanguruma vizuri mpaka jioni. Watu wa barabara ile ya Kikula, mjini Likasi, walikwisha kulizoea. Mama mmoja alisema linamsaidia kuamsha watoto wa shule. Lakini Abedi hakulizoea. Lilikuwa gari lake la kwanza, jeupe, la Kijapani, usukani upande wa kuume kwa sababu lilitokea Zambia. Mdogo wake Swedi ndiye aliyekwenda mpaka Chingola kulichukua, akalipa kwa bidhaa zote za duka la Abedi. Mtu akitoa duka zima hataki kusikia ka-ka-ka.

Basi siku ya Jumanne akalipeleka kwa Théodore.

Haikuwa mbali, nyumba ya tatu kutoka kwake. Théodore alifanya miaka ishirini na sita katika garage ya Kampuni ya migodi, na katika miaka ile alikuwa mtu wa distribution, ndiyo kazi ya kuipangia injini saa ya kufungua na kufunga milango yake. Kazi hiyo hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuigusa. Mwaka juzi Kampuni iliwaambia wazee wakangoje nyumbani, wataitwa. Hawakuitwa. Théodore alitoka na salopeti mbili za kazi na jina. Watu walisema: ukitaka rangi, peleka gari popote, ukitaka distribution, peleka kwa Ba Théo. Kwa jina hilo yeye na mke wake Henriette walikuwa wanakula.

"Ba Théo, hii kitu inanipigia kelele kila asubuhi," Abedi alisema. "Minye siko fundi. Lakini kelele ya bure haiko."

"Haiko," Théodore alijibu. "Fungua, tuone."

Alifanya kazi taratibu, kama siku zote, kila boliti akiiweka juu ya gazeti mahali pake. Alipotoa kifuniko cha juu ya injini, akaona vile vyuma viwili virefu vyenye vinundu, ambavyo vikizunguka vinasukuma supape. Supape ni milango ya injini: mingine inaingiza hewa na essence, yaani petroli, mingine inatoa moshi. Kwenye ncha ya kila chuma kuna gurudumu la meno, pinyo, linalovutwa na mnyororo uitwao shene. Théodore akashika pinyo ya upande wa kuingiza hewa, akaitingisha. Ikacheza. Ilicheza upana wa ukucha, na chuma chenyewe kimesimama.

"Abedi, kuya uone. Swedi, na weye kuya. Munaona? Pinyo inacheza. Miaka ishirini na sita, sijaona pinyo inacheza na motere ikawa muzima. Ikicheza, saa ya supape inapotea."

Akafungua zaidi. Ndani ya pinyo kulikuwa na ressort, yaani springi, na pete yenye meno ya kulala upande. Akazitoa zote mbili, akainyanyua ile ressort juu kwa vidole viwili kama mtu aliyepata mende katika mchele.

"Ona. Batu ba kule bamekufungia pinyo na ressort. Bricolage, kazi ya kuunga-unga!"

Majirani wawili waliokuwa wanaangalia wakacheka. Swedi hakucheka. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na miwili, baba wa watoto wawili, mwenye sauti ya chini.

"Ba Théo," akasema, "labda njo wameifanya vile. Labda iko na kazi yake."

"Swedi, ndugu yangu," Théodore alimjibu bila ubaya, "weye unajua kutembeza gari. Minye ninazijua ku tumbo."

Majirani wakacheka tena, na mmoja akamwambia Swedi arudi kupangusa vioo.

Katika ncha ya chuma kulikuwa na tundu dogo limejaa uchafu mweusi kama lami. Théodore alilipangusa kwa kidole, akapangusa kidole kwenye salopeti, akaendelea. Aligeuza pinyo mpaka mwisho wake, mpaka haiendi tena, akaipeleka kwa mtu wa kusudé, kuunga chuma kwa moto, karibu na soko. Pointi nne za moto. Ikawa kitu kimoja na chuma chake.

Jumatano asubuhi gari likawaka bila ka-ka-ka. Mayimuna, mke wa Abedi, akaleta kwa Henriette sahani ya wali iliyofunikwa kitambaa safi.

* * *

Siku tatu gari lilikuwa linakimbia kuliko zamani. Swedi, aliyekuwa anapakia watu kati ya Likasi na Kambove, alisema kwenye mlima linavuta kama ng'ombe. Lakini likisimama ilikuwa shida. Ukiondoa mguu linatetemeka mwili mzima kama mgonjwa wa malaria, vioo vinalia, abiria wanashika meno, halafu linazimika. Sokoni linazimika. Penye kanisa linazimika. Swedi akajifunza kukanyaga huku gari limesimama, essence ikaisha bure.

Ijumaa lilizimika penye kizuizi cha askari, kwenye njia ya Kambove.

Askari mmoja alizunguka gari mara mbili. Akauliza kwa Lingala kama hili gari ni la kutia nchi haya. Akawashusha abiria, akaingia mwenyewe, akakaa kwenye usukani, kofia yake akaiweka juu ya dashboard, akamwambia Swedi asukume. Peke yake. Swedi akasukuma mpaka kivulini, hatua mia moja, askari ndani anapiga honi na wenzake wanapiga makofi. Walipochoka kucheka wakachukua saa yake ya mkono, wakamwambia aende.

Jioni Abedi, Swedi na gari walikuwa mbele ya Théodore. Gari linatetemeka. Théodore aliweka sikio, akaweka mkono, akafungua, akaangalia alama za shene. Alama zilikuwa sawa. Pinyo ilikuwa ngumu kama jiwe. Kazi yake ilikuwa safi.

"Abedi, minye sitakudanganya," akasema, na wakati ule aliamini anachosema. "Hii motere ilikuwa imekufa tangu Zambia. Ile pinyo ilikuwa ni alama tu. Mwenye kuiuzisha alijua."

Watu walikuwa wamekwisha kusogea. Kikula haikosi watu wa kusogea.

Abedi akamgeukia mdogo wake. "Alijua. Na weye? Nilikupa bitu bya duka muzima. Ulikaa kule siku tisa. Siku tisa unaangalia gari, hauoni?"

"Yaya, kaka yangu, niliitembeza mpaka Kitwe na kurudi. Ilikuwa muzuri."

"Ba Théo anasema ilikuwa imekufa! Ba Théo anadanganya?"

Swedi akamwangalia Théodore. Théodore akaangalia boliti zake.

"Basi njo ulikula na yule muntu," Abedi akasema. "Mulipasuliana katikati. Mwizi wa mu nyumba ni mubaya kuliko wa inje. Usiingie tena kwangu mupaka urudi Chingola, unirudishie bitu byangu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Swedi aliweka funguo juu ya gari, polepole, akaondoka na viatu vyake vyenye vumbi. Usiku ule alilala kwa rafiki yake, na habari ikapita: Jumatatu alfajiri ataondoka kwenda Zambia, bila karatasi, kutafuta mtu ambaye labda amekwisha kuhama.

* * *

Jumamosi sokoni Mayimuna na Henriette walikaa meza moja kama kawaida. Mayimuna aliuza mchele na chumvi. Henriette aliuza mafuta ya motere katika chupa za bia.

Mafuta yale yalitoka katika malori makubwa, yakiwa yamekwisha kufanya kazi yao. Watu wa Likasi hawakuyatupa. Henriette aliyanunua meusi, akayaacha yatulie siku tatu ndani ya fût, pipa la chuma, akayapasha moto kuondoa maji, akayachuja mara mbili kwa kitenge kilichochakaa. Yalitoka yanang'aa. Nusu ya magari ya Kikula yalikuwa yanakunywa kitenge cha Henriette.

"Fatu hajala tangu jana," Mayimuna alisema. Fatu ni mke wa Swedi; walikaa katika uwanja mmoja na Abedi. "Anakunja nguo za bwana yake, anakunjua, anakunja. Anasema: bwana yangu ana makosa mingi, lakini haiko mwizi."

"Na weye unasema nini?"

"Minye ninasema nini? Bwana yangu ameshasema mbele ya batu. Muntu akisema mbele ya batu, kurudi nyuma ni mbali." Mayimuna akapanga vikombe vya chumvi. "Wakimkamata ku frontière, mpakani, Mama Henriette, nani atamtoa? Wakimpiga?"

Henriette akapangusa chupa moja kwa kitenge.

"Nipe chupa mbili ya gari," Mayimuna akasema. "Ile ya siku zote. Abedi anataka kuongeza, labda itatulia."

Henriette akampa chupa mbili.

* * *

Jumapili baada ya misa Théodore alikaa kwenye kigoda, nyuma ya nyumba, na ile pete aliyoitoa ndani ya pinyo. Hakuvua shati la kanisani. Henriette alikuwa anachagua maharage kwenye ungo.

"Unaangalia nini mule tangu tumerudi?"

"Meno."

"Meno ya nani?"

"Ya hii pete. Ona namna yamelala, yote sawa, hakuna hata moja liko na kovu. Muntu wa bricolage anapiga lime, ile tupa ya chuma, anafunika, anauzisha. Hakati meno namna hii. Hii ilikatwa na mashine kubwa. Hata ku Kampuni hatukuwa na mashine ya kukata hii."

Henriette akatupa jiwe dogo lililokuwa ndani ya maharage. "Basi haiko bricolage."

Théodore akapitisha ukucha kwenye meno ya pete.

"Na mbona iko na mafuta ndani?"

"Kuna tundu ku ncha. Mafuta inapita pale."

"Uliitoboa weye?"

"Hapana. Ilitoka nayo."

"Ilitoka nayo ku Japon."

"Eh."

"Basi walitaka mafuta iingie," Henriette akasema, akaendelea kuchagua.

Théodore akaisukuma ile pete kwa kidole gumba ndani ya kifuniko chake kidogo, kilichotoka pamoja nayo. Ikaingia, na kwa kuingia ikageuka, kama kifuniko cha chupa. Akaiachia. Akaisukuma tena. Ikageuka tena. Alifanya hivyo mara nyingi, mpaka Henriette akaacha maharage na kumwangalia. Uso wa mume wake ulikuwa umeshuka.

"Mafuta njo inasukuma," akasema. "Motere ikienda pole, mafuta inakaa kimya, ressort inashika, milango inafunguka kwa saa yake. Motere ikianza kukimbia, mafuta inaingia kwa nguvu, pete inatembea, pinyo inageuka kidogo, na saa inatangulia. Hewa inaingia mbele, mapema. Henriette, hii motere iko na saa mbili, ya pole na ya mbio. Inajibadilishia yenyewe."

"Na weye ulifanya nini?"

"Niliisudé. Ku saa ya mbio." Akaweka pete chini. "Njo sababu inavuta ku mlima. Njo sababu inakufa ikisimama. Motere haikufa Zambia. Motere ilikufa hapa, ku mikono yangu."

Kuku alipita akidonoa maharage mabovu. Hakuna aliyemfukuza.

"Na ile kelele ya asubuhi?" Henriette akauliza.

"Tundu ilikuwa imeziba. Mafuta haifiki mbio, pete inagonga kavu mupaka ifike. Ilitaka kusafishwa tu. Kidole na kitambaa." Alikuwa anaona mbele yake kule neno linakokwenda, na hakutaka kulipeleka yeye.

Henriette akalipeleka. Alisimama, akachukua chupa moja penye ukuta, akaiinua kwenye jua, akaipindua taratibu. Juu mafuta yalikuwa mazuri kama asali. Chini kabisa, kitu cheusi chembamba kikajivuta kwenye kioo, hakitaki kushuka.

"Iliziba na mafuta yangu."

"Sikusema vile."

"Haukusema. Lakini ulijua, ukaninyamazia." Akakaa tena. "Lori zinakunywa hii miaka yote, hazisemi kitu."

"Lori ni lori. Hii kitu iko na tundu dogo kama jicho la sindano."

Upande wa barabara watoto walikuwa wanaimba nyimbo za catéchisme kwa makelele.

"Hakuna muntu anajua," Théodore akasema mwisho. "Hata fundi wa Lubumbashi atasema gari ya Zambia ni gari ya Zambia. Nikisema, nani ataniletea gari tena?"

Alikuwa anangoja mke wake amwambie watu watamsamehe. Henriette hakusema hivyo.

"Hakuna," akasema. "Na mafuta yangu, hakuna atakayenunua."

"Tutakula nini?"

"Sijui. Sombe iko ku shamba. Muhogo haikosi majani."

Théodore akafungua kifungo cha shati, akakifunga tena. "Yule Swedi aliniambia. Mbele yangu, hapa: labda iko na kazi yake. Nilifanya watu wamucheke."

Henriette akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akachukua chupa ile. "Twende sasa, wangali wamekaa inje."

* * *

Abedi alikuwa ameketi mbele ya mlango na majirani wawili, wale wale. Mayimuna alikuwa anapepea makaa. Nje ya uzio alisimama Swedi. Alikuja kuchukua mfuko wa nguo, na Fatu alikuwa anampitishia juu ya uzio, kwa sababu ndani alikatazwa.

"Karibuni, karibuni," Abedi akasema. "Mayimuna, viti."

"Acha kiti," Théodore akasema. "Nitasema nikisimama." Akavua kofia. Alianza kwa pinyo, akaenda kwa pete, akarudi kwa mafuta. Hakusema haraka na hakuruka kitu. Alipofika mahali pa kusema "niliiua minye", sauti yake ikapungua, na jirani mmoja akasema, "Nini? Hatusikii." Ikabidi aseme tena, kwa nguvu.

"Niliiua minye."

"Ba Théo?" jirani yule akasema. "Weye? Distribution?" Akamwangalia mwenzake, na kicheko kikamtoka puani. "Basi Kampuni ilijua juu ya nini inakurudisha ku nyumba."

Théodore akakipokea kile kicheko na kofia mkononi. Henriette akasogea mbele, akaweka chupa chini mbele ya miguu ya Abedi.

"Na hii ni yangu," akasema. "Ilianza na hii. Mayimuna, zile mbili za jana usizitie."

Abedi alikuwa mtu mnene, mwenye heshima zake, na uso wake ulianza kubadilika rangi, lakini macho yake hayakuwa kwa Théodore. Yalikuwa kwenye uzio.

"Ulisema mbele ya batu kama ilikufa Zambia."

"Nilisema. Njo sababu nimekuja mbele ya batu."

"Nilimwita ndugu yangu mwizi."

"Ulimwita kwa kinywa chako. Lakini neno nilikupa minye."

Mayimuna aliacha kupepea. Makaa yakalia peke yake.

"Swedi," Abedi akaita. "Ingia."

Swedi hakusogea. Mfuko ulikuwa begani. "Ulinikataza, yaya."

"Sasa ninasema ingia."

"Nimesikia. Sema na ile ingine."

Abedi akaangalia chini, akaangalia majirani wake wawili ambao sasa walikuwa wanasoma vidole vya miguu yao. Mwisho akasimama, kwa sababu kuna maneno hayatoki ukiwa umekaa.

"Swedi haiko mwizi," akasema. "Nilisema mbaya."

Fatu akachukua mfuko kutoka bega la mume wake, akaurudisha ndani, yeye kwanza. Swedi akafuata.

* * *

Jumatatu Théodore alifanya kazi katika uwanja wa Abedi, si kwake. Ndivyo Abedi alivyotaka: nje, mchana, mtu apite aone. Wengi walipita. Wengine walirudi mara ya pili.

Alisaga zile pointi nne moja moja. Akajaribu kurudisha pete ndani, ikakataa. Moto ulikuwa umepotosha meno. Pinyo nyingine kama ile haikuwako Likasi nzima, na Lubumbashi watu walikuwa wanacheka tu wakisikia unatafuta nini.

"Siwezi kuirudisha saa mbili," akamwambia Abedi. "Nimeharibu ile. Ninaweza kuipa saa moja tu. Sasa muniambie munataka gani."

"Saa ni saa. Fasiria vizuri."

Théodore akakaa juu ya tairi. "Unajua mlango wa usine, ule wa kiwanda, wakati wa siréna. Batu ba usiku banatoka, batu ba asubuhi banaingia. Siku batu iko kidogo, unangoja banaotoka batoke, halafu unafungua. Hakuna anayegongana. Lakini siku batu iko wengi na wanakimbia, ukingoja, wengine watabaki inje, kazi itachelewa. Unafungua mbele, hata banaotoka hawajaisha. Supape ni ile. Hapa nilifungua mbele kila siku, hata siku batu iko kidogo. Wakagongana ku mlango. Njo ile kutetemeka."

Swedi alikuwa amechutama karibu, anasikiliza na uso wote.

"Kwa hiyo ukifungua nyuma," akasema, "ikisimama itatulia. Lakini ku mlima itachoka."

"Itachoka. Umesikia muzuri kuliko minye siku ile."

Abedi akataka mlima. Gari la kukimbia ni heshima. Swedi akamwacha amalize.

"Yaya," akasema, "ku mlima ikichoka, ninachelewa. Ikikufa ku kizuizi, ninasukuma."

Abedi akamwangalia mkono usio na saa. "Mupe ile ya kutulia," akamwambia Théodore.

Wakageuza pinyo mpaka mwisho wa upande ule mwingine. Swedi ndiye aliyeishika kwa koleo wakati wa kusudé, na Théodore ndiye aliyemwambia asante.

* * *

Henriette alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa kwanza hakuna gari hata moja lililosimama mbele ya nyumba yao. Mtu mmoja alikuja, akauliza njia ya kwenda kwa fundi mwingine. Sokoni Henriette aliendelea kuuza, lakini alimwambia kila mteja kabla hajafungua mkoba: hii ni ya kinu, ya bawaba, ya shene ya baiskeli, gari mpya usitie. Watu walicheka: mama huyu anafukuza wateja. Chupa kumi kwa siku zikawa mbili. Walikula sombe, wakala sombe.

Mwezi wa pili Théodore akaanza kuitwa kwa vinu vya mahindi. Kinu hakina distribution ya ajabu. Siku moja aliitwa Kambove, akapanda gari la Abedi, kiti cha mbele, mfuko wa vyombo kwenye magoti. Alilipa kama wengine. Swedi alitaka kukataa pesa, Théodore akaziweka juu ya dashboard.

Nyuma walikaa watu watatu, mmoja wao Mama Alphonsine, muuza samaki, na kikapu chake kilichotanguliwa na harufu. Mlima ulipoanza, gari likaanza kulalamika. Swedi akashusha vitesi, yaani gia, akashusha tena.

"Swedi," Mama Alphonsine akasema, "hii gari inapanda ao ina mimba?"

"Mlima ni mlima, mama."

"Mlima haukuongezeka! Minye ninapita huku kila juma. Kuna siku tulipanda hapa mupaka nikashika kilemba. Nani aliiharibu?"

"Fundi mmoja."

"Fundi gani? Taja jina. Bwana yangu iko na moto, ile pikipiki, nisije nikamupelekea huyo mpumbavu."

Swedi alikaza macho barabarani. "Jina nimesahau, mama."

Gari lilipanda hatua kumi zaidi, linaguna.

"Ni minye, mama," Théodore akasema bila kugeuka. "Minye Théodore wa Kikula. Niliisudé mbaya."

Nyuma samaki peke yao walikuwa wanasema. Halafu Mama Alphonsine akainama mbele mpaka kilemba chake kikagusa kiti, akamwangalia upande wa uso kama anayeangalia samaki kama bado yu mzima.

"Weye mwenyewe?"

"Minye mwenyewe."

"Na umekaa mbele, kiti kizuri?"

"Nimelipa, mama."

"Basi shuka! Shuka, gari ipumue!"

Kicheko kikapasuka, wote watatu, na Swedi naye akashindwa kujizuia. Théodore akacheka. Alicheka mpaka mfuko wa vyombo ukalia kwenye magoti. Halafu akagonga dashboard.

"Simama, Swedi."

"Ba Théo, mama anachekesha tu!"

"Ninajua. Simama."

Akashuka, akauacha mfuko kitini, akafunga mlango. Gari likaondoka bila yeye, likawa jepesi kidogo, likapanda. Théodore akafuata kwa miguu pembeni ya barabara, mikono nyuma, mavumbi mekundu yakishuka taratibu juu ya viatu vyake. Hakuwa na haraka. Mtu wa baiskeli aliyebeba makaa alimpita akisukuma, wakasalimiana.

Juu kabisa Swedi alikuwa amesimamisha gari, anangoja. Mama Alphonsine alitoa kichwa dirishani.

"Tata, mzee wangu, harakisha! Samaki inaoza!"

Théodore hakuharakisha. Zilipobaki hatua ishirini hivi, akasimama, akainamisha kichwa upande, akafumba macho. Injini ilikuwa inakwenda yenyewe, pole, mguu wa mtu haupo juu yake, na hakuna kioo kilicholia. Aliisikiliza mpaka akaridhika. Halafu akaja, akafungua mlango, akakaa mahali pake.